Hasui hakushika patasi, kwani ndio nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nikizidisha urefu kateni mnapotaka ila msiguse pale penye tetemeko la ardhi. Ni kuhusu ile barua ya msomaji mwenzangu mliyoitoa baada ya makala yenu ya wasanii wa mandhari wa Japani. Huyo mwenzangu kaandika kwamba Kawase Hasui asiitwe kabisa msanii wa chapa za mbao, yaani zile picha zinazochapwa kwenye karatasi kutoka ubao uliochongwa, kwa sababu maisha yake yote hakuchonga ubao wala hakuchapa karatasi, yaani alichora tu vijipicha vyake akawaachia mafundi kazi ngumu halafu jina likawa lake. Niliposoma mara ya kwanza nikacheka, niliporudia nikaona hapana, hii ikipita hivi hivi watu wataamini.

Kwanza ni kweli, hakuchonga. Hilo halina ubishi na wala si siri, yeye mwenyewe na mchapishaji wake hawakuwahi kulificha. Shida yangu ni kwamba mwenzangu kachukua sheria ya kundi moja la wasanii akaifanya sheria ya dunia nzima, tena akamhukumu nayo mtu ambaye hakuwa kwenye kundi hilo.

Maana tukienda kwa kipimo hicho basi tumtoe na Hiroshige. Hiroshige aliyezaliwa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, mwaka 1797, mtoto wa afisa wa zimamoto, akarithi kazi ya baba yake akiwa bado mtoto na kuchora akajifunza huku akiwa kazini, ndiye aliyefanya ile mfululizo ya vituo 53 vya barabara ya Tokaido mwaka 1833 na 1834, zile picha za mvua na theluji ambazo kila mtu anazijua hata kama hajui jina. Nani alichonga? Mafundi. Nani alichapa? Mafundi wengine. Nani alitoa hela, akaamua zitoke ngapi na ziuzwe vipi? Mchapishaji. Hokusai, mchoraji mwingine wa zama hizo, ndio kidogo alifundishwa kuchonga ujanani, lakini zile za mlima Fuji za mwanzoni mwa miaka ya 1830 naye aliwaachia mafundi. Na mwaka 1887 Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi, alipokaa kuiga picha mbili za Hiroshige kwa rangi za mafuta, ile ya bustani ya miti ya plamu na ile ya mvua ya ghafla darajani, sijasikia popote kwamba aliuliza nani alishika patasi. Hatumuulizi msanifu wa majengo kama alibeba tofali, sasa Hasui kakosa nini?

Hiyo sheria ya kufanya kila kitu mwenyewe ilikuja baadaye na ina watu wake. Mwaka 1904 kijana mmoja, Yamamoto Kanae, alichora, akachonga na akachapa mwenyewe picha ndogo ya mvuvi, na kutoka hapo likakua kundi la sosaku-hanga ambalo msimamo wake ulikuwa jichoree, jichongee, jichapie. Akina Onchi Koshiro wakaja wakalipeleka mbali sana mpaka kwenye picha ambazo hazina umbo la kitu chochote unachokijua. Kazi nzuri sana, mimi mwenyewe nazipenda. Lakini upande wa pili wa mji huo huo kulikuwa na mtu anaitwa Watanabe Shozaburo, mchapishaji, aliyekuwa anawaza kinyume kabisa, kwamba ule utaratibu wa zamani wa mchoraji, mchongaji, mchapaji na mchapishaji usife, ila upewe wachoraji wapya na macho mapya. Ndio hiyo iliyoitwa shin-hanga, kuanzia 1915 hivi. Hasui ni mtoto wa nyumba hiyo, ukitaka kumpima mpime na mizani ya kwao.

Sasa maisha yake, maana naona hata makala yenu iliyapitia haraka haraka. Kazaliwa Mei 1883 Tokyo, mtaa wa Shiba, jina lake la nyumbani Bunjiro. Familia ilikuwa ya biashara ya nyuzi na kamba za hariri, na mjomba wake upande wa mama alikuwa mwandishi maarufu wa vichekesho, Kanagaki Robun, kwa hiyo sanaa haikuwa kitu kigeni ndani ya nyumba ila hesabu za duka ndizo zilizokuwa zinamsubiri yeye. Alitaka kuchora, wazazi wakataka ashike biashara. Akashika. Mpaka biashara ilipokwama na yeye ana miaka kama 26 ndio akapumua, akaenda kwa mchoraji Kaburagi Kiyokata kuomba uanafunzi, Kiyokata akamtazama akaona huyu ni mtu mzima tayari, wenzake wanaanza wakiwa watoto, akamwambia nenda kajifunze uchoraji wa Kizungu kwanza. Wengi wangekata tamaa hapo. Yeye akaenda kweli kwa Okada Saburosuke, akakaa huko kama miaka miwili, akarudi tena mlangoni kwa Kiyokata, na safari hii akapokelewa na kupewa jina la Hasui.

Kile kilichoonekana kama kufukuzwa kwa adabu ndicho kilichomtengeneza, naamini hivyo. Ukiangalia chapa zake unaona mistari ni ya Kijapani lakini mwanga ni wa mtu aliyekaa mbele ya turubai la Kizungu akafundishwa kwamba kivuli nacho kina rangi. Hiroshige usiku wake ni usiku kwa sababu amekuwekea mwezi na kipande cheusi juu ya anga. Kwa Hasui hata ukiufunika mwezi kwa kidole unajua ni saa ngapi.

Halafu kingine kinachonifurahisha, mtu aliyemwingiza kwenye chapa ni kijana mdogo kuliko yeye. Ito Shinsui, naye mwanafunzi wa Kiyokata, mdogo wa Hasui kwa miaka 15, alikuwa ametoa na Watanabe mandhari nane za ziwa Biwa. Hasui akaziona mwaka 1918. Mtu wa miaka 35 anaona kazi ya kijana wa 20 na badala ya kununa anakwenda kwa mchapishaji yule yule na michoro yake ya Shiobara, mahali pa milimani alipokuwa akipajua vizuri. Watanabe akajaribu tatu. Zikakubalika, na kuanzia hapo wawili hao hawakuachana mpaka kifo, ingawa kuna miaka Hasui alifanya kazi na wachapishaji wengine pia.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe la mwenzangu, kwamba Hasui alifanya nini hasa. Hapa naomba niende polepole maana ndipo watu wengi wanapojikwaa.

Alikuwa anasafiri. Si kutalii, ni kazi. Anabeba kitabu cha michoro na penseli, anachora mahali penyewe, kisha rangi za maji zinawekwa juu ya mchoro huo, mara nyingi jioni ile ile kwenye nyumba ya wageni kabla macho hayajasahau. Akirudi Tokyo anakaa na Watanabe wanachagua zipi zitafaa. Ikishachaguliwa, mistari mikuu inahamishiwa karatasi nyembamba, karatasi inabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa milimani ambao ni mgumu na hauna nyuzi za kusumbua, na mchongaji anakata mpaka inabaki mistari tu imesimama. Karatasi inaisha humo humo, mchoro wenyewe unakufa. Zinatolewa nakala za mistari, na hapo Hasui anarudi kazini, anaweka alama kila nakala hii iwe buluu, hii kijani, hii buluu ya pili iliyofifia, na kila rangi inachongewa ubao wake au sehemu yake ya ubao. Kisha mchapaji anapaka rangi ya maji kwenye ubao kwa brashi, analaza karatasi iliyolowanishwa kidogo, karatasi ya nyuzi za mforosadi ambayo haichaniki ovyo, anaibana kwenye alama mbili zilizochongwa pembeni ili isihame, anasugua nyuma kwa baren, kile kisugulio cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi. Rangi moja hiyo. Inayofuata tena kutoka mwanzo. Mara 20, mara 30, na zaidi, karatasi ile ile, na ikihama hata kidogo imeharibika.

Na zile anga zinazoanza giza juu na kufifia kushuka chini hazijachongwa, ubao ule ni bapa tu. Mchapaji anaupaka rangi na maji kwa mkono kila karatasi inapokuja ili ufifie hivyo. Ndio maana nakala mbili za chapa moja ukiziweka pamoja anga zake hazilingani sawasawa. Na theluji, mara nyingi si rangi nyeupe iliyowekwa juu, ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, yaani kila punje mchongaji kaichimba kwenye ubao wa anga. Hebu fikiria uvumilivu huo.

Sasa mwenzangu atasema si ndio hayo, kazi yote ni ya mafundi! Hapana. Wakati wa nakala za majaribio Hasui alikuwepo, anatazama, anasema hii buluu imezidi, hii rudia, ule mwanga wa dirishani upunguzwe. Watanabe naye ana lake la kusema, na mchapaji mzoefu naye anajua ubao utakubali nini. Wanavutana mpaka inapatikana moja wanayokubaliana, na hiyo ndiyo inayofuatwa. Mafundi wale wale wa Watanabe walichonga na kuchapa kazi za wachoraji wengine wengi, na kazi za hao wengine hazifanani na za Hasui hata kidogo. Kama usanii wote ungekuwa mikononi mwao tu, mbona zisifanane?

Kilicho chake ni kuchagua. Kuchagua saa ya siku, hali ya hewa, na mahali pa kusimama. Alikuwa anaenda sehemu maarufu kama wengine, Nikko, Miyajima, Matsushima, lakini mara nyingi anakuonyesha gati la nyuma, kijia cha pembeni, ukuta wa ghala, na mtu mmoja tu anaenda zake na mwavuli, mgongo kakugeuzia. Kwa kweli zile picha zake za jua kali mchana mimi hazinishiki sana, nyingine naziona za kawaida. Mpe mvua, mpe magharibi, mpe theluji ya jioni ndio utamjua.

Tetemeko sasa. Tarehe 1 Septemba 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, tetemeko la Kanto. Watu zaidi ya 100,000 walikufa, na kilichoua zaidi ni moto maana ilikuwa saa ya kupika na nyumba ni za mbao. Duka la Watanabe likaungua lote, mbao zilizochongwa zikaungua, chapa ambazo hazijauzwa zikaungua. Hasui nyumba yake ikaungua pamoja na vitabu vyake vya michoro vya miaka yote. Miaka mitano ya kazi. Kwa mchoraji wa mandhari kitabu cha michoro ndio kila kitu, chapa unaweza kuchongesha upya lakini ile jioni uliyoiona kwenye kijiji fulani ukaiandika kwa penseli hairudi. Na yeye mwaka huo huo akaondoka tena. Safari ndefu kuliko zote alizowahi kufanya, zaidi ya siku 100, Hokuriku na San'in kwenye pwani ya Bahari ya Japani, akarudi na michoro mipya ya kulisha mafundi ambao nao walikuwa hawana kitu.

Ndio maana chapa zake za kabla ya 1923 ni adimu na bei zake hazishikiki. Na ndio maana pia kuna wajuzi wanasema Hasui halisi ni yule wa kabla ya tetemeko, baada ya hapo eti aligeuka mchora kadi za watalii, rangi zikawa kali, Watanabe akawa anawatazama wanunuzi wa Marekani. Kuna ukweli kidogo. Soko la Marekani lilikuwa kubwa, pale Toledo, Ohio, jumba la sanaa lilifanya maonyesho makubwa ya chapa mpya za Kijapani mwaka 1930 na tena 1936, na Watanabe hakuwa mjinga, alijua nini kinauzika. Nyingine za kipindi hicho kweli zimekaa kimaua-maua. Lakini jamani, ile chapa yake ya hekalu la Zojoji ni ya 1925! Lile lango jekundu, mti, theluji inapigwa na upepo, mwanamke kajikunja chini ya mwavuli. Hiyo imetoka miaka miwili baada ya kupoteza kila kitu na imeuzika kuliko kazi zake nyingine zote. Na lango lenyewe liko Shiba, mtaa aliozaliwa, limejengwa 1622 na mpaka leo limesimama, tetemeko limelikuta na vita vimelikuta likabaki. Chapa yake nyingine, Mwezi wa Magome, ni ya 1930, misonobari mirefu, mwezi mzima nyuma yake na kidirisha kimoja chenye taa. Ukiniambia hizo ni za mtu aliyekwisha sitakuelewa.

Kwa wanaotaka mfano wa mtu aliyejaribu njia ya katikati, wamtafute Yoshida Hiroshi. Naye alianza na Watanabe, naye tetemeko lilimchomea mbao zake, lakini mwaka 1925 akafungua karakana yake mwenyewe, akaajiri wachongaji na wachapaji akawa anawasimamia kama nyapara, na mara nyingine patasi akaishika mwenyewe. Alikuwa mpanda milima na mtu wa kujiamini sana. Hasui hakuwa na hulka hiyo, wala hela hiyo. Kila mmoja alipita njia iliyomfaa, na ukiniuliza mimi Yoshida ni fundi zaidi, milima yake inakata pumzi, lakini ninayetaka kukaa naye usiku ni Hasui.

Miaka ya vita naipita haraka. Alikwenda Korea 1939 akatoa mandhari nane za huko, baadaye mabomu yalipozidi Tokyo akahamia Shiobara kule kule alikoanzia. Vita vilipokwisha wanajeshi wa Marekani waliokuwa Japani wakawa wateja wakubwa, wananunua kupeleka nyumbani, kazi ikaendelea. Lakini hili naomba mwenzangu alisome vizuri: mwaka 1952 kamati ya serikali ya Japani inayoshughulikia urithi wa utamaduni ilitaka kuweka kumbukumbu ya jinsi chapa za mbao zinavyotengenezwa kwa utaratibu wa asili, hatua kwa hatua, ikawachagua wachoraji wawili, Ito Shinsui na Hasui. Hasui akachora tena Zojoji kwenye theluji, ikakamilika 1953. Yaani serikali yenyewe ilipotaka kuonyesha chapa halisi ni ipi, ilichukua kazi ya watu wengi pamoja, haikumtaka mtu mmoja kajifungia chumbani na patasi.

Na ya mwisho kabisa ndiyo inayomaliza mjadala kwangu. Hasui alifariki Novemba 1957, nyuma yake chapa zipatazo 600. Alikuwa ameshachora jumba la dhahabu la Hiraizumi ndani ya theluji na mtawa anapanda ngazi, lakini hakuwahi kuiona imekamilika. Wakaimalizia Watanabe na mafundi wake. Na ukiiangalia ni ya Hasui, huwezi kusema ni ya mtu mwingine, kwa sababu watu wale walishafanya naye kazi kiasi cha kujua angesema nini kwenye nakala ya majaribio. Sasa hapo mafundi wamemnyang'anya usanii wake au wameuthibitisha? Mimi nina jibu langu.

Kuna jambo moja ambalo mwenzangu yuko sahihi, ingawa nadhani hakulikusudia. Majina ya wachongaji na wachapaji hayatajwi inavyopaswa. Enzi za Hasui baadhi ya chapa zilikuwa na mihuri yao pembeni, na muhuri wa Watanabe uko karibu kwenye kila moja, tena umbo lake lilibadilika miaka na miaka kiasi kwamba wakusanyaji wanautumia kujua nakala ilichapwa lini, maana mbao nyingine ziliendelea kuchapwa hata baada ya Hasui kufa na anayeuziwa bila kujua analia. Lakini magazeti na hata majumba mengine ya sanaa yakizichapisha yanakata ukingo, mihuri yote inapotea, inabaki picha na jina la Hasui tu. Makala yenu nayo ilifanya hivyo, Mhariri. Ukingo wote mmekata.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkirudia mada hii, na naomba mrudie, wekeni chapa nzima na ukingo wake, kwa rangi, si ile nyeusi na nyeupe mliyoweka safari hii ambayo theluji na anga vimekuwa kitu kimoja. Chini yake andikeni mchoraji Hasui, mchapishaji Watanabe, na kama mihuri ya mchongaji na mchapaji ipo tafuteni mtu awasomee mwaandike nao. Mwenzangu kama anasoma na bado anabisha, aandike tena, nipo.

Msomaji wenu wa siku nyingi